Dalili za magonjwa ya ngozi Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaofika kliniki ya ngozi, na kwa wale wanaokusimamisha njiani, wakapandisha mkono wa shati na kuuliza, "Daktari, hiki ni nini?" Yamejibiwa kwa Kiswahili kwa sababu kuanzia Arua na Koboko hadi Busia, Kisenyi na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, watu wengi huelezwa ugonjwa wao kwa lugha wasiyoielewa vizuri, wakatoka na tyubu mkononi bila kujua inatibu nini. Kusoma hapa si kupimwa. Kutakusaidia tu kujua kipi kinaweza kungoja siku ya kliniki na kipi hakipaswi kulala nyumbani.

Kila mahali naambiwa niangalie "wekundu". Mimi ni mweusi. Nitauonaje?

Mara nyingi hutauona, na macho yako hayana kosa. Picha nyingi za magonjwa ya ngozi, za mtandaoni na za vitabuni, zilipigwa kwa watu weupe. Kwenye ngozi yetu, mahali palipowaka ugonjwa huwa peusi kuliko pembeni yake, au pana rangi ya zambarau, au ya kijivu. Kwa mtu wa maji ya kunde wekundu unaweza kujitokeza kidogo.

Kwa hiyo usitafute rangi moja, tafuta mabadiliko. Linganisha mkono wa kushoto na wa kulia. Weka mgongo wa kiganja juu ya ngozi usikie kama pana joto. Tazama kama ngozi imekaza na kung'aa kwa kuvimba. Pitisha kidole usikie ukwaruzo, maana magamba mengine husikika kabla ya kuonekana. Fanya hayo yote mchana, mlangoni au nje. Balbu ya njano huficha mengi, na ndiyo maana mtu huapa kwamba jana usiku hapakuwa na kitu.

Halafu kuna suala la alama nyeusi. Kwetu ugonjwa ukipona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Doa hilo si ugonjwa tena, haliambukizi, na hufifia lenyewe polepole. Watu wengi wanaonunua krimu kali wananunua kwa ajili ya doa la ugonjwa uliokwisha zamani, na krimu hiyo ndiyo inayowaletea ugonjwa wa pili.

Kabla sijataja jina la ugonjwa, nijiulize nini?

Uko wapi mwilini? Unawasha, unauma, au mahali hapo hapasikii kitu? Ulianza lini? Na nani mwingine nyumbani anao? Majibu ya maswali hayo huondoa magonjwa mengi mezani hata kabla mtu hajavua shati. Upele hupenda katikati ya vidole. Pumu ya ngozi hukaa kwenye mikunjo, ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, ilhali soriasisi hukaa upande wa nje, juu ya viwiko vyenyewe na magoti. Choa hupendelea kifua, shingo na mgongo. Mkanda wa jeshi haupendi kuvuka mstari wa katikati ya mwili.

Nyumba nzima tunajikuna usiku. Ni joto, ni maji, au ni nini?

Karibu kila mara ni upele. Vijidudu vidogo mno huchimba njia kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo, na kuwashwa huzidi usiku mtu akishapata joto la blanketi. Fungua vidole vya mkono uangalie katikati, kisha kifundo cha mkono upande wa ndani, makwapa, kiuno pale mkanda unapobana, kuzunguka chuchu kwa wanawake, na uume na pumbu kwa wanaume. Mwanamume mwenye vipele vya vidoleni na vinundu vinavyowasha kwenye uume hahitaji kipimo cha maabara. Kwa mtoto mchanga mambo hubadilika, kwani yeye hushikwa hata viganjani, nyayoni na kichwani. Kwenye mwanga wa jua unaweza kuona mstari mfupi wa kijivu uliopindapinda, wa milimita chache tu. Hiyo ndiyo njia ya mdudu.

Kinachowashinda watu ni muda. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, na wakati huo tayari anawagawia wengine. Ukimtibu anayelalamika peke yake, wiki mbili baadaye mtarudi pale pale. Watu wote wanaolala nyumba moja wapakwe dawa siku moja, pamoja na shemeji aliyekuja kutembea na msichana wa kazi. Dawa iliyozoeleka ni BBE (benzili benzoeti), ile nyeupe ya maji. Hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, si pale panapowasha tu, na kwa watoto huzimuliwa, kwa hiyo uliza kipimo. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, kwa siku 3 au zaidi, maana mdudu akikosa mwili wa mtu hafiki mbali.

Dawa ikishafanya kazi, kuwashwa kunaweza kuendelea hadi wiki 4, kwa kuwa ngozi bado inapambana na mabaki ya wadudu waliokufa. Kurudia BBE kila siku kwa wasiwasi huikausha na kuichoma ngozi, na mwisho mtu anajikuna kwa sababu ya dawa. Ila mtoto mwenye upele uliotunga usaha, ambaye uso umeanza kuvimba na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Bakteria wa vidonda vya ngozi wanaweza kuvuruga figo.

Kuna kuwashwa kwa aina nyingine kabisa, kwa watu wazima waliokulia kando ya mito ya kasi huko West Nile na Acholi. Wanajikuna miaka, ngozi ya muundi ina madoa meupe kama ya chui, na juu ya mfupa wa nyonga kuna vinundu vigumu visivyouma. Huo ni usubi, unaoletwa na inzi weusi wadogo wa mtoni. Maeneo mengi ya Uganda yameshaukata kwa vidonge vya ivermektini, lakini ngozi iliyokwisha kuharibika hubaki na madoa yake.

Mtoto ana miduara kichwani na nywele zinakatika. Mwalimu amemrudisha nyumbani.

Ni mapunye, yaani fangasi ya kichwa. Utaona mduara wenye vumbi la magamba ya kijivu, nywele zimekatikia karibu kabisa na ngozi hadi zinabaki nukta nyeusi. Chanzo huwa mashine ya kinyozi, kofia, kitana, au kulala kichwa kwa kichwa na ndugu yake. Kosa la kawaida ni kupaka krimu. Krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, na huko ndiko fangasi anakoishi. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta, kama karanga za kusaga au maziwa, ndipo inyonywe vizuri. Ukiona kichwani pameinuka uvimbe laini unaotoa usaha, usikubali upasuliwe kama jipu kabla haujaangaliwa vizuri. Mara nyingi ni mapunye yaleyale yaliyokasirika, na kisu huongeza kovu ambalo halitaota nywele tena.

Mwilini fangasi huyo huyo hutengeneza mduara wenye ukingo ulioinuka na katikati palipotulia. Huko krimu ya klotrimazoli inatosha, mradi uendelee kupaka siku kadhaa baada ya doa kutoweka.

Nina mabaka meupe. Nitajuaje kama ni choa, vitiligo au ukoma?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Basi tulijibu kwa utulivu.

Choa ni madoa mengi madogo yanayoungana, kifuani, shingoni, mgongoni na mabegani. Rangi yake ni ya kufifia, si nyeupe kabisa, na kwa wengine huwa ya kahawia. Likwaruze doa moja kwa ukucha, utaona unga mwembamba ukitoka. Fangasi wake huishi kwenye ngozi ya kila mtu na huchachamaa kwa joto na jasho, ndiyo maana vijana wa bodaboda wanaovaa jaketi juani wanaujua vizuri. Dawa humuua fangasi ndani ya wiki chache, lakini rangi hurudi baada ya miezi. Kwa hiyo usidhani dawa imeshindwa.

Vitiligo ni nyeupe kweli, nyeupe ya maziwa, yenye mipaka iliyo wazi. Haina magamba na haiwashi. Hupenda kuzunguka macho na mdomo, vidole, na sehemu za siri, mara nyingi pande zote mbili kwa kulingana. Haiambukizi hata kwa kula sahani moja.

Kisha kuna mabaka yaliyofifia kwenye mashavu ya watoto wa shule, yasiyo na mipaka na yenye ukavu kidogo. Bibi atasema ni minyoo. Si minyoo. Ni pumu ya ngozi hafifu, na mafuta ya kupaka kila siku pamoja na subira humaliza kazi.

Ukoma ni jambo jingine, na alama yake si rangi. Baka huwa limefifia au la rangi ya shaba, mara nyingi kavu, halina jasho wala vinyweleo, na muhimu kuliko vyote, lina ganzi. Chukua kipande cha pamba, kisokote kiwe na ncha nyembamba. Mguse mgonjwa kwanza kwenye ngozi nzima akiwa anaona, ili ajue unachofanya. Halafu afumbe macho, na kila anapohisi kitu aonyeshe kwa kidole mahali hasa. Akionyesha kila pahali isipokuwa ndani ya baka, apelekwe kituoni. Angalia pia kama masikio yamekuwa mazito, nyusi zinapukutika upande wa nje, au kidole kidogo kimeanza kukosa nguvu. Ukoma huenda polepole sana. Toka maambukizi hadi dalili inaweza kupita miaka 5, kwa wengine hata 20. Dawa zake ni za bure, za miezi 6 au 12 kulingana na idadi ya mabaka, na mtu akishaanza kuzimeza huacha haraka kuambukiza. Hospitali ya Buluba wilayani Mayuge imewahudumia wagonjwa wa ukoma tangu miaka ya 1930, na leo hakuna sababu ya kumtenga mtu kisiwani kama ilivyofanywa zamani pale Bwama katika Ziwa Bunyonyi. Kinacholemaza watu ni kuchelewa.

Pumu ya ngozi na soriasisi zinatofautianaje?

Pumu ya ngozi huanza utotoni, huwasha mno, na mara nyingi katika ukoo kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya kila asubuhi. Kwa watoto weusi si lazima iwe baka. Inaweza kuwa vinundu vidogo vingi kwenye vinyweleo, hadi ngozi inakuwa ya kukwaruza. Ikijikunwa miaka hugeuka nene na nyeusi. Soriasisi ni mabaka manene yenye mpaka, magamba ya kijivu yanayobanduka, viwikoni, magotini, kichwani, na kucha zenye vishimo. Zote mbili haziambukizi, na zote mbili zinatulizwa tu, hazing'olewi.

Malengelenge yametoka ubavuni, upande mmoja, na yanaungua kama moto.

Huo ni mkanda wa jeshi. Kwa siku kadhaa mtu husikia maumivu kabla ya kuona chochote, akadhani ni ini au mbavu. Kisha hutoka malengelenge yaliyojikusanya kwa mstari, nusu ya mwili tu. Ni kirusi cha tetekuwanga alichopata utotoni, kilicholala kwenye mishipa ya fahamu. Dawa ya asikloviri husaidia zaidi ikianza ndani ya saa 72, kwa hiyo usingoje yakauke. Ile imani kwamba mkanda ukizunguka na kukutana mtu hufa haina msingi. Kinachotisha ni malengelenge ya kwenye paji na ncha ya pua, kwa sababu jicho linaweza kuharibika. Na kijana mwenye mkanda wa jeshi apime virusi vya UKIMWI, kwa utaratibu tu, bila hukumu.

Mpox, tetekuwanga na surua: nawezaje kuzitofautisha?

Tangu mpox ithibitishwe Kasese mwezi Julai 2024, kila mwenye chunusi amewahi kuhisiwa. Tetekuwanga hutoka kwa mafungu: siku moja utaona kipele, lengelenge na ukoko pamoja, vingi zaidi kifuani na mgongoni, na vinawasha. Mpox huja na homa, maumivu ya mwili na tezi zilizovimba shingoni au kinenani. Vipele vyake ni vigumu, vimezama, vingi vina kishimo katikati, na katika sehemu moja ya mwili hukua kwa pamoja. Hutokea usoni, viganjani, nyayoni, mdomoni, na mara nyingi sehemu za siri, wakati mwingine kimoja au viwili tu. Vinauma kuliko kuwasha.

Surua huanza na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, na ni baada ya siku kadhaa ndipo vipele vinaanzia nyuma ya masikio na usoni, vikashuka mwilini. Kwa mtoto mweusi huenda usione rangi, ila utasikia ngozi imekuwa ya kukwaruza. Mtoto huyo anahitaji kituo cha afya haraka kwa sababu ya mapafu na macho.

Ukishuku mpox, kaa chumba chako, funika vipele, usichangie taulo wala kitanda, mwite VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, au piga simu ya bure ya Wizara ya Afya, 0800 100 066. Mtu huendelea kuambukiza hadi ukoko wote udondoke na ngozi mpya ijifunge.

Jipu lina kitundu katikati na nasikia kitu kinacheza ndani.

Husikii vibaya. Ni funza wa inzi wa maembe. Inzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa chini au kivulini, na kiluwiluwi huingia mwilini unapoivaa. Ndiyo maana majipu hukaa kiunoni, matakoni na mapajani, na kwa mtoto pale nepi inapogusa. Ziba kitundu kwa jeli nzito. Funza akikosa hewa hujitokeza, kisha hutolewa akiwa mzima. Kumkamua kwa nguvu humpasua ndani. Nguo zote zipigwe pasi pande zote mbili, hata chupi, hata soksi.

Funza wa miguuni, tekenya, ni mwingine. Yeye ni kiroboto. Utaona doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati, pembeni mwa kucha au kisiginoni. Busoga imeteseka naye sana. Sindano moja ya kumtolea ikipita kwa watoto wote wa nyumba hubeba damu kutoka mguu hadi mguu, na pepopunda haiko mbali.

Na ukiamka msimu wa mvua na mchirizi wa malengelenge shingoni kana kwamba umemwagiwa asidi, huenda ulimponda usiku yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa. Haumi. Sumu iko kwenye maji ya mwili wake, na ngozi huungua siku moja au mbili baadaye. Akikutua mpulize, usimpige kofi, kisha nawa kwa sabuni.

Nina uvimbe, lakini hauumi. Si afadhali hivyo?

Hapana. Katika magonjwa ya ngozi, kidonda kikubwa kisichouma kinapaswa kukutia shaka kuliko kinachouma.

Kidonda cha Buruli kimepata jina lake kwa kaunti ya Buruli, upande wa Nakasongola karibu na Ziwa Kyoga, ingawa daktari Albert Cook wa Mengo alikwisha kuandika kuhusu vidonda vya aina hiyo mwaka 1897. Huanza kama fundo dogo chini ya ngozi, lisilouma, la kusogezeka, mara nyingi kwenye mkono au mguu. Likipasuka, kidonda huonekana kidogo juu kumbe chini kimekula mbali: ukingo wake unaning'inia, na kijiti cha pamba kinaingia chini yake. Dawa ni rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8. Kikikamatwa kikiwa bado fundo, mtu anaweza kupona bila kisu.

Kimeta huenda haraka zaidi. Mtu amechuna ng'ombe aliyekufa mwenyewe, au amebeba nyama yake, na ndani ya siku chache hutokea kipele kinachowasha, kisha lengelenge, kisha ukoko mweusi tii usiouma, na pembeni pamevimba vibaya. Mwishoni mwa 2023 wilaya ya Kyotera ilipata vifo, na wapo waliodhani ni uchawi. Antibaotiki za kawaida hutibu zikianza mapema. Nyama ya mzoga haina bei nafuu.

Kisha kuna vinundu au mabaka ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, kwenye nyayo, miguu, ncha ya pua, au juu ndani ya kinywa. Hiyo inaweza kuwa Kaposi, saratani inayojitokeza zaidi kinga ikishuka. Fungua mdomo mbele ya kioo uangalie kaakaa. Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967, imeishughulikia kwa miaka mingi, na kwa wengi dawa za UKIMWI peke yake huanza kuirudisha nyuma.

Miguu imevimba na ngozi imekuwa kama gome. Ni matende?

Si lazima. Matende ya mbu mara nyingi hushika mguu mmoja na yanaweza kupanda hadi kinenani, na wanaume hupata busha. Lakini mwaka 2015 wataalamu waliochunguza miguu iliyovimba Kamwenge walikuta ugonjwa mwingine, podokoniosi, unaotokana na kutembea na kulima miaka mingi bila viatu kwenye udongo mwekundu wa volkano. Huanzia vidoleni na wayo, hushika miguu yote miwili japo si sawasawa, na kwa kawaida hauvuki goti. Kuosha miguu kila siku, kupaka mafuta na kuvaa viatu hupunguza uvimbe.

Kila nikimeza dawa fulani doa jeusi linarudi mahali pale pale.

Umeshajijibu. Ni ngozi kukataa dawa, na Septrini ni mshukiwa wa kila siku. Utaona duara moja au machache, ya mviringo kamili, meusi au ya zambarau, mdomoni, mkononi au kwenye uume. Huvimba na kuungua ndani ya saa chache baada ya kidonge, hutulia, kisha hubaki jeusi likingoja kidonge kijacho. Wanandoa wamegombana bure kwa doa la uumeni lililoletwa na dawa ya kikohozi. Andika jina la dawa hiyo kwenye jalada la daftari lako la matibabu.

Lakini dawa mpya ikifuatwa na homa, macho kuwaka, vidonda mdomoni na ngozi inayouma na kuchubuka, hiyo ni dharura. Acha dawa hiyo na uende hospitali kubwa usiku huo huo. Mbali na Septrini, nevirapini, dawa ya virusi vya UKIMWI, na baadhi ya dawa za kifafa hufanya hivyo, hasa katika wiki za kwanza.

Vipele vinavyowasha mikononi na miguuni ni dalili ya UKIMWI?

Wakati mwingine. Vinundu vigumu vinavyowasha, vingi, kwenye mikono na miguu kwa mtu mzima, vinavyoacha makovu meusi, huonekana sana kwa wenye kinga iliyoshuka. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa 2004 ulionyesha kwamba mwanzo wake ni kuumwa na wadudu, mwili ukajibu kupita kiasi. Wapo wengi wenye vipele vya namna hiyo na hawana virusi. Kipimo ndicho kinachojibu. Jirani hajibu.

Na vipele visivyowasha kabisa vilivyotokea hata viganjani na nyayoni kwa mtu mzima vinahitaji kipimo cha kaswende. Sindano ya penisilini huvimaliza.

Krimu ya duka la dawa ilinisaidia siku mbili, sasa hali ni mbaya kuliko mwanzo.

Humo ndani mlikuwa na steroidi. Steroidi hutuliza kuwashwa kwa chochote, hata kwa fangasi, huku ikimlisha yule fangasi. Mduara hupoteza ukingo wake, husambaa, na hata daktari hushindwa kuutambua. Ukiendelea, ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, michirizi hutokea mapajani na makwapani, na uso hujaa chunusi. Zile za kung'arisha zenye haidrokwinoni huishia na mabaka ya bluu-nyeusi mashavuni ambayo hayana dawa nzuri. Zenye zebaki huingia hadi kwenye figo. Sina namna ya kulainisha hili.

Watu weusi hupata saratani ya ngozi?

Ndiyo, ila mahali tusipoangalia: wayo, kiganja, chini ya ukucha. Saratani ya Bob Marley, aliyefariki 1981, ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Doa jeusi la wayoni linalokua, au mstari mweusi wa ukucha mmoja unaopanuka na kuingia kwenye ngozi, upelekwe. Vilevile kidonda kisichofunga juu ya kovu la moto. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kila ukoko usoni, sikioni au shingoni uliokaa zaidi ya mwezi uonyeshwe, na kofia pana na mikono mirefu zianze utotoni.

Niende wapi, na naweza kutuma picha kwanza?

Anzia kituo cha afya cha daraja la III au IV kilicho karibu. Upele, fangasi, majipu na mkanda wa jeshi huishia hapo. Mengine yatapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Mulago au Mbarara. Beba tyubu na vidonge vyote ulivyotumia, hata vilivyokwisha, hata vya mganga wa kienyeji.

Picha inasaidia ikipigwa vizuri. Toka nje, kivulini, mchana. Piga moja ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, na nyingine ya karibu ikiwa na sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Zima filta za simu zinazolainisha uso. Na usipake poda wala ile dawa ya GV kabla ya kupiga, maana zambarau yake ikishakaa hakuna anayeweza kuona kilicho chini.